UZI: Jenerali aliyesema "mwaka mmoja" na kweli ukawa mwaka mmoja

Mwana_Pangani (mwenye uzi)

Wadau salaam. Huu uzi ni mrefu, kama uko kwa matatu na bando imebaki ya kuomba Mungu, uhifadhi usome ukifika kwa nyumba.

Jumamosi nilikuwa kwa yule mzee wa Kisudani anapika kahawa huku Kilimani, wanaomjua wanamjua. Anakaanga buni mbele yako mpaka moshi unakuingia kwa macho, anaiponda na tangawizi kwa kinu kidogo, alafu anamimina kwa jabana, birika la udongo, na kukuwekea vikombe vidogo kama vya watoto kuchezea. Sasa TV ilikuwa inamuonyesha Burhan, yule jenerali wa Sudan, na kombati zake akiongea mambo ya kurudishia raia serikali, na vijana wawili wa Khartoum waliokuwa wamekaa pale wakaanza kusonya. Mzee hakusonya. Alisema tu, na kile Kiswahili chake cha miaka miwili, "sisi tulikuwa na mmoja alienda nyumbani." Nikamuuliza nani. Akaniangalia venye ungemwangalia mtu anayekuuliza Kenyatta ni nani. "Siwar ad-Dahab."

Basi nikarudi nyumbani nikasoma wiki nzima, na leo nawamwagia hapa.

Kwanza jina, maana lenyewe ni utamu. Siwar ni bangili, na dahab ni hii hii dhahabu yetu, kwa hivyo jamaa anaitwa Bangili ya Dhahabu. Abdel Rahman Swar al-Dahab, mtu wa Omdurman, mwanajeshi wa maisha. Machi 1985 rais wake Jaafar Nimeiri alimpa uwaziri wa ulinzi na ukuu wa majeshi, na hata mwezi haukuisha vizuri yeye ndiye akawa wa kumtoa.

Nimeiri mwenyewe aliingia kwa bunduki 25 Mei 1969 akiwa kanali, akakaa miaka 16. Alianza na Wakomunisti, 1971 akawanyonga. 1972 akafanya amani na Kusini pale Addis Ababa, 1983 akaivunja kwa mkono wake mwenyewe alipoikata Kusini vipande vitatu, na Septemba ya mwaka huo akatangaza zile sheria zake za sharia, mapombe ya Khartoum yakamwagwa Nile. Januari 1985 akamnyonga mzee Mahmoud Mohammed Taha, mwanachuoni wa miaka 76, eti ametoka kwa dini. Na wakati huo huo njaa inaua watu Darfur na Kordofan, familia zinatembea kwa miguu mpaka viungani mwa Omdurman kutafuta unga. Mwisho wa Machi bei ya mkate na mafuta ya gari ikapandishwa, watu wakaingia barabarani, na yeye akafanya nini? Akapanda ndege akaenda Marekani.

Hapa ndio nataka msome polepole. Waliomtoa Nimeiri si jeshi kwanza. Ni madaktari, mawakili, wahadhiri, wafanyakazi wa benki, watu wa reli, wote wakagoma pamoja, mgomo mkuu ukiwa Jumatano 3 Aprili. Mzee wangu wa kahawa alikuwa karani wa benki huko Khartoum, ananiambia walifunga kaunta wakatoka nje, meneja akatia funguo mfukoni akaenda zake, na usiku mji ulikuwa giza kwa sababu watu wa stima nao walikuwa wametoka kazini. Redio ilibaki. Jumamosi 6 Aprili asubuhi ikapiga zile nyimbo za kijeshi, kila mtu wa Khartoum anajua maana yake, alafu ikasikika sauti ya Bangili ya Dhahabu akisema jeshi limesimama na wananchi. Nimeiri alikuwa njiani kurudi, akaishia Cairo, na Cairo akakaa mpaka 1999.

Sasa jeshi likaunda baraza la maafisa 15, yeye mwenyekiti. Uwaziri mkuu wakampa Al-Jazuli Dafallah, daktari, kiongozi wa chama cha madaktari, yaani kiongozi wa mgomo ndiye kapewa ofisi. Kile kikosi cha usalama wa taifa cha Nimeiri, kile cha kukuamsha usiku, kikavunjwa. Na wakakubaliana muda: miezi 12. Kura zikapigwa kuanzia tarehe 1 hadi 12 Aprili 1986. Chama cha Umma kikapata viti karibu 100, DUP, chama cha familia ya Mirghani, zaidi ya 60, na chama cha Kiislamu cha Hassan al-Turabi, NIF, viti 51, ingawa Turabi mwenyewe aliangushwa kwa eneo bunge lake pale Khartoum maana wengine wote waliungana dhidi yake 😂. Mwezi wa tano Sadiq al-Mahdi wa Umma akawa waziri mkuu. Jenerali hakugombea, hakuunda chama, hakuweka shemeji. Alienda nyumbani.

Swali langu ni hili: kwa nini yule alitoka na hawa wa saa hii hawatoki? Na tafadhali msiniambie tu alikuwa mcha Mungu, hilo nimeshasikia.

Msee_wa_58

Wa kwanza hapa. Uzi mtamu lakini mkubwa umesahau Nigeria. Abacha, dikteta wa kijeshi wa huko, alikufa 8 Juni 1998, kesho yake Jenerali Abdulsalami Abubakar akaapishwa, na huyo alikuwa na mwanya wote wa kukaa kwa sababu Abacha alikuwa ameshapanga vyama vitano na vyote vitano vikamteua yeye mwenyewe agombee, mwanasiasa Bola Ige akaviita vidole vitano vya mkono mmoja wenye ukoma. Abdulsalami akavifuta vyote, akafungua jela, Obasanjo aliyekuja kuwa rais akatoka. Tume mpya Agosti, kura za serikali za mitaa Desemba, majimbo Januari, bunge na urais Februari 1999, na tarehe 29 Mei akakabidhi. Chini ya mwaka buda! Hao ndio wanajua kazi.

MamaTwins_Umo

Na sisi hapa tulikaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna wa IEBC, tume yetu ya uchaguzi, na hakuna aliyetupindua 🙈

Msee_wa_58

@MamaTwins_Umo hapo umenimaliza mathe.

Ustadh_Pumwani

Assalam aleikum ndugu zangu. Mwenye uzi, hilo la ucha Mungu usilirukie haraka hivyo. Inasimuliwa kwamba Swar al-Dahab alisita kumpindua Nimeiri kwa sababu alikuwa amempa kiapo cha utii, na kwetu kiapo si maneno ya kutafuna, mpaka wakamtafutia wanavyuoni wamweleze kwamba damu ya raia ni nzito kuliko kile kiapo. Sasa mtu aliyehangaika hivyo kukivunja kiapo cha kwanza, akishatoa cha pili mbele ya nchi nzima kwamba ni mwaka mmoja, unadhani atakichezea? Baada ya hapo alikwenda kwa kazi za daawa na misaada, 2004 akapewa tuzo ya Mfalme Faisal, na alipofariki Oktoba 2018 Riyadh akazikwa Madina, makaburi ya Baqii. Wangapi waliowahi kuwa wakuu wa nchi wamepata hiyo?

Wakili_wa_Mtaa

Ustadh kwa heshima zote, sitabishana na kaburi la mtu, ila uzi unaanza kunukia ubani na jenerali hakuwa malaika. Zile sheria za Septemba 1983 alizikuta na akaziacha. Mwaka mzima! Mji uliandamana, madaktari wakagoma, mzee Taha alikuwa amenyongwa juzi tu kwa hizo hizo sheria, na baraza likasema hilo liachiwe bunge litakalokuja. Bunge lilipokuja nalo likashindwa. Pia tuangalie kura zenyewe zilipangwa vipi. Kulikuwa na viti vya wahitimu, yaani mtu mwenye masomo anapiga kura mara mbili, ya mtaani kwake na ya wahitimu, na viti hivyo vingi vilizolewa na NIF ambao ndio walikuwa wamejazana vyuoni na ndio walikuwa wameshirikiana na Nimeiri mpaka wiki za mwisho. Ukitaka kujua mapinduzi ya 1989 yalitoka wapi anzia hapo.

Na kingine, 2010 huyu huyu jenerali wa kukabidhi alionekana upande wa kampeni ya Omar al-Bashir. Bashir aliyemtoa kwa bunduki yule yule Sadiq aliyekabidhiwa. Nieleweshwe.

Ustadh_Pumwani

Hilo la 2010 sina jibu lake, nakubali linauma.

KakumaBoy_Bor

Mimi nimesoma kimya nikaona acha niseme. Wazazi wangu ni watu wa Bor, Sudan Kusini, mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na nimekulia hapa Kasarani. Mnasema kura za 1986, kura za 1986. Kwetu zilipigwa wapi? Maeneo bunge 37 ya Kusini kura ziliahirishwa kwa sababu ya vita. Vita vilianza Mei 1983 pale Bor kikosi kilipoasi, na wakati Khartoum wanacheza barabarani Aprili 1985 sisi tulikuwa msituni. John Garang, kiongozi wa waasi wa Kusini, SPLM, aliambiwa njoo, Nimeiri ameenda. Akakataa, serikali ya hao majenerali akaiita "Mei ya Pili", maana Nimeiri aliingia Mei, na kwake hawa walikuwa ni Nimeiri bila Nimeiri. Baba yangu alikuwa kijana wakati huo. Kwao 6 Aprili haikuwa siku ya maana, ndege za serikali ziliendelea kuruka.

Kwa hivyo nikisikia "alirudisha nchi kwa raia" huwa nauliza nchi ipi na raia gani. Si kwamba namchukia huyo mzee. Kuondoka ni kitu kikubwa, hata kwetu Juba tunajua kura ikisongezwa mbele mara ya kwanza itasongezwa na ya pili na ya tatu. Lakini aliondoka akaacha nyumba inaungua upande mmoja, akampa mwingine funguo.

Mwana_Pangani

@KakumaBoy_Bor asante ndugu, na nakiri nilipita hapo haraka kama gari ya serikali. Niongeze kitu moja. Machi 1986, kabla ya kura, vyama vingi vya Khartoum na vile vya wafanyakazi vilienda kukutana na watu wa SPLM Ethiopia, pale Koka Dam, wakakubaliana hizo sheria za Septemba zifutwe na uitishwe mkutano wa katiba. NIF hawakwenda, na DUP hawakuweka sahihi. Jeshi lilibaki na msimamo wake. Sadiq akaingia madarakani akazungusha zungusha, miaka mitatu serikali za mseto zinavunjika na kuundwa, mpaka Novemba 1988 Mirghani wa DUP mwenyewe akaenda kutia sahihi na Garang. Februari 1989 majenerali wakamwandikia Sadiq barua: ama utupe silaha ama ufanye amani. Hatimaye akakubali kusimamisha zile sheria, na hapo ndio 30 Juni 1989 Bashir na wale wa NIF wakaingia, siku chache kabla jambo lenyewe halijakamilika.

Kwa hivyo @Wakili_wa_Mtaa uko sawa kwamba kile alichokiacha mezani ndicho kilichowala raia. Ila tofauti yangu na wewe ni hii: angekaa miaka mitatu mingine "kuyatatua" angeyatatua? Mimi siamini. Mwanajeshi akikwambia anakaa amalizie vita, hiyo ndio vita ambayo haitaisha.

MamaTwins_Umo

Naomba kuuliza kama mtu wa kawaida. Mwaka mmoja unatosha kuandikisha watu nchi kubwa hivyo, na njaa juu, na vita juu? Ama ilikuwa haraka haraka ndio waonekane wazuri?

Wakili_wa_Mtaa

Swali zuri. Jibu langu ni kwamba muda mfupi huwasaidia waliojipanga tayari. Umma na DUP ni vyama vya familia mbili za kidini, Mahdi na Mirghani, wana wafuasi wao vijijini toka enzi ya mkoloni, hawahitaji hata bango. Wale madaktari na mawakili waliomtoa Nimeiri hawakuwa na chama, mwaka mmoja haukuwatosha kujenga tawi hata la Kassala. Matokeo yake waliogoma walirudi kazini na waliokuwa nyumbani wakaenda bungeni.

MamaTwins_Umo

Eish. Hiyo hata hapa Kenya inajulikana.

Mzee_wa_Kaloleni

Vijana hamjambo. Mimi si mtu wa kuandika sana, macho yameanza kukataa. Serikali ya jeshi niliiona kwa saa chache tu, hapa Kenya, tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili. Tuliamka redio ya VOK inatwambia serikali imepinduliwa, mtangazaji Mbotela ndiye anasoma, na baadaye tukajua alikuwa anasoma bunduki ikiwa nyuma yake. Watu wengine walitoka wakishangilia. Nilimwona kijana wa Air Force juu ya lori anainua mkono, hana hata miaka 25, nikajisemea huyu kesho ndiye atanipangia bei ya sukari? Kufika jioni maduka mjini yamevunjwa, watu wanabeba magodoro Jogoo Road, na jeshi la nchi kavu limesharudisha redio. Air Force nzima ikavunjwa. Tangu siku hiyo mimi neno "jeshi limesimama na wananchi" likisemwa na redio nafunga mlango kwanza. Huyo wenu wa Sudan alikuwa bahati, msimfanye kanuni.

Msee_wa_58

Shikamoo mzee wetu. Hiyo ya magodoro 😭

Mwana_Pangani

Marahaba tutakuachia wewe upokee mzee wangu, na asante. Sasa nirudi kwa swali langu mwenyewe maana naona mmenizunguka na nyinyi wote.

Nimelala nalo hili jambo. Angalieni 2019. Vijana wa Sudan walichagua 6 Aprili makusudi, siku ile ile, wakaenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum. Chanzo kilikuwa nini? Mkate tena, Desemba 2018 kule Atbara bei ilitoka pauni 1 ikawa 3. Tarehe 11 Aprili Bashir akatolewa. Viongozi wa mgomo ni nani? Madaktari, mawakili, walimu, yaani filamu ni ile ile mpaka hapo. Alafu inakatika. Badala ya miezi 12, jeshi na raia wakaandikiana miezi 39 ya mpito. Kabla hata ya sahihi, 3 Juni, pale pale walipokuwa wamekaa kuandamana watu wakapigwa risasi. Burhan akawa mwenyekiti wa zamu ya kwanza, zamu ya raia ilikuwa ifike Novemba 2021, na tarehe 25 Oktoba, wiki chache kabla, akamkamata waziri mkuu Hamdok na mawaziri wake. April 15, 2023 yeye na Hemedti, mkuu wa wanamgambo wa RSF, wakageuziana bunduki, na ndio huyu mzee wangu akajikuta Kilimani anauza kahawa na diploma yake ya benki.

Nini kilibadilika katikati? Mimi nasema mfuko. Jeshi la 1985 lilikula kutoka hazina kama polisi na mwalimu, nchi ikigoma nalo halilipwi. Yule Bangili ya Dhahabu hakuwa na dhahabu. Jeshi alilolilea Bashir kwa miaka 30 lina makampuni yake, na 2020 Hamdok alilalamika hadharani kwamba sehemu kubwa ya mali ya umma iko nje ya wizara ya fedha. Hemedti naye alichukua migodi ya Jebel Amer kule Darfur Kaskazini 2017, dhahabu ya kuchimba, sio ya jina. Sasa mtu kama huyo mkimgomea mnamgomea nini? Benki ifungwe kaunta, yeye anauza kwa ndege. Kurudi kambini kwake ni kuacha biashara, na nani ataikagua akishatoka.

Ukifikiria hivyo hata @Msee_wa_58 Abdulsalami wako anaeleweka. Nigeria ilikuwa imefungiwa nje ya Jumuiya ya Madola toka Novemba 1995 baada ya kunyongwa mwanaharakati Ken Saro-Wiwa, jeshi lenyewe limechoka na Abacha, na Abiola aliyeshinda kura za Juni 1993 akafia kizuizini 7 Julai 1998, Lagos ikawaka. Kukaa kulikuwa na gharama kuliko kutoka. Na bado katiba ilitoka kwa amri ya jeshi Mei 1999, wiki chache kabla ya kukabidhi, imeandikwa "Sisi wananchi" na wananchi hawajaiona 😅

Msee_wa_58

Hiyo ya katiba nakubali. Lakini Nigeria haijapinduliwa tena tangu 1999, Sudan ilidumu miaka mitatu. Alama ni za Abdulsalami. Na Obasanjo aliyekabidhiwa, Juni hiyo hiyo, alistaafisha maafisa waliokuwa wameonja vyeo vya siasa. Huyo alikuwa anajua wapi nyoka analala kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa jenerali akakabidhi kwa Shagari 1979, na Shagari akapinduliwa 31 Desemba 1983. Sadiq hakufanya hivyo.

Wakili_wa_Mtaa

Hapo kwa kustaafisha maafisa umesema kitu. Na Mali vilevile, Amadou Toumani Touré alimtoa Moussa Traoré Machi 1991, akakabidhi Juni 1992, watu wakampenda mpaka wakamchagua 2002, na 2012 kapteni mmoja kutoka kambi ya Kati akamfukuza. Aliyekabidhi akaja kupinduliwa yeye.

KakumaBoy_Bor

Na sasa mambo yamefika mpaka mlangoni kwenu. Februari 2025 watu wa Hemedti na washirika wao waliweka sahihi mkataba wao wa serikali hapa hapa Nairobi, Khartoum wakamwita balozi wao nyumbani, alafu wakafunga bidhaa za Kenya. Muulizeni mkulima wa chai.

MamaTwins_Umo

Mjomba wangu ana chai Kericho, hiyo ya Sudan ilimfikia kabla sijaisikia kwa habari.

Ustadh_Pumwani

Mwenye uzi, hoja ya mfuko naikubali nusu. Kuna masikini wengi wamekwama kwenye kiti. Lakini swali moja: huyo mzee wako anasemaje kuhusu sheria na Kusini? Au kwake ni sifa tupu?

Mwana_Pangani

@Ustadh_Pumwani nilirudi Alhamisi nikamuuliza hilo hilo. Nilimsomea hata maneno ya @KakumaBoy_Bor, nikatafsiri nilivyoweza. Alinyamaza muda, anafuta ile tarei na kitambaa. Akasema walipokuwa wanaimba barabarani 1985 hawakujua hata jina la kijiji kimoja cha Kusini, na yeye alikuja kuyajua hayo majina hapa Nairobi, kutoka kwa jirani yake Mdinka wanayeshiriki tangi la maji. Kisha nikamuuliza 1986 alimpigia nani kura. Akacheka mpaka akakohoa, akasema hiyo ni siri, akanimiminia kikombe cha pili na hakunilipisha.

Msee_wa_58

Sasa nitumie lokesheni ya hiyo kahawa bana.

Mwana_Pangani

Ingia inbox. Na uende mapema, saa kumi na mbili jioni anafunga.